Barua ya wazi kwa binamu yangu: tupite walikopita farasi

Binamu mpendwa,

Umeniuliza kwa nini, katika Uingereza yote, nimechagua vijiji viwili vya Northamptonshire kwa matembezi yetu. Sababu yangu ni farasi wa mashua.

Kati ya Stoke Bruerne na Blisworth, mfereji uitwao leo Grand Union unapenya kilima kwa handaki lenye urefu wa mita 2,813, lililofunguliwa mwaka 1805 bila njia ya miguu ndani yake. Kwa hiyo farasi aliyevuta mashua ya mizigo alifunguliwa kamba kwenye mdomo wa handaki, akaongozwa kupita juu ya kilima hadi upande wa pili, ilhali huko chini wanaume walilala chali juu ya mbao zilizotokeza ubavuni mwa mashua, wakaisukuma gizani kwa kukanyaga kuta hatua kwa hatua. Njia hiyo ya farasi ingalipo, nasi tutaifuata. Najua ungependelea kupita handakini kwa mashua, lakini ukiwa ndani huoni ila kuta na maji yanayodondoka.

Huko juu utakuta minara mifupi ya matofali, minene, imesimama peke yake mashambani. Hayo ni matundu ya hewa ya handaki, na kwa kuyafuata kwa macho, moja baada ya jingine, utajua mfereji unapita wapi chini ya nyayo zako.

Tukirudi Stoke Bruerne tutateremka kando ya mfereji, penye malango saba ya maji, yaani vyumba vinavyojazwa na kupunguzwa maji ili mashua ipande au ishuke, hadi kwenye malisho ya bonde la mto Tove. Njia za umma huko hukatiza mashamba ya watu, zikionyeshwa kwa mishale ya njano. Geti lililofungwa tulifunge nyuma yetu.

Makumbusho ya mfereji, yaliyo katika kinu cha zamani cha nafaka, tuyaache hadi mwisho, ingawa wageni wengi huanzia hapo. Wewe njoo na viatu visivyoingiza maji, maana ile njia ya kilimani hugeuka tope mvua ikinyesha, na sitaki unidai tuzungukie barabarani.

Wako,
Binamu yako