Risala ya klabu ya picha za 3D kwa mgeni rasmi, siku ya maonyesho

Mheshimiwa mgeni rasmi, mwalimu mkuu, mlezi wa klabu, wazazi na wanafunzi wenzetu. Tunakushukuru sana mheshimiwa kwa kuja, tena kuja mwenyewe, maana tumeshazoea kuletewa mwakilishi.

Historia yetu ni fupi. Tulianza na mchemraba wa taa za LED, ghorofa nane, kila ghorofa taa 64, jumla 512, zote zimechomelewa kwa mkono na wanafunzi. Mpaka leo karibu zote zinawaka, na zile za kona ya nyuma zisizowaka tumezielekeza ukutani.

Mafanikio ni mengi mno hatuwezi kuyamaliza. Kubwa ni kwamba tumetoka kwenye mchemraba tumeingia kwenye mashine ya kuzunguka: paneli mbili za LED za 64 kwa 64 zimefungwa mgongo kwa mgongo, mota inazizungusha kama mara 15 kwa sekunde, kila zikifika pembe fulani zinawasha kile kipande tu cha picha kinachotakiwa kuwa pale, jicho linaunganisha vipande vyote na wewe unaona kitu kimesimama hewani, unakizunguka unaona mpaka kisogo chake, bila miwani yoyote. Tafadhali tusifananishwe na zile feni za matangazo wanazoziita hologramu, ile ni picha bapa tu, ukienda ubavuni imeisha.

Sasa mheshimiwa tuje kwenye jambo lenyewe. Paneli zinazunguka, umeme umekaa chini hauzunguki, ukiunganisha waya moja kwa moja utajisokota ukatike hapo hapo. Ndiyo maana inatakiwa slipu ringi, kile kifaa chenye pete na brashi kinachopeleka umeme kwenye kitu kinachozunguka. Tuliyonayo ni ile ndogo ya kawaida, imeandikwa mizunguko 300 kwa dakika na ampea 2 kwa kila waya, sisi tunaipeleka 900, na paneli zikiwaka nyeupe zote zinakula umeme mwingi kuliko huo, tumeunganisha nyaya kadhaa pamoja lakini wapi, brashi zinalika, umeme unarukaruka, zile volti 5 zinashuka, kakompyuta kalikoko juu kanajizima na kujiwasha upya na picha inakatika mbele za watu. Mwaka jana ilikatika mbele ya mgeni rasmi. Akacheka sana, akatuahidi.

Kupunguza mwendo tumeshashauriwa na wengi, hasa wale ambao hawakuchangia. Ukipunguza picha inapepesa, inaumiza macho. Wengine wanasema fungeni betri juu, eti shida imeisha, kumbe kwa mwendo huu kitu kilicho sentimita 10 kutoka katikati kinavutwa kwenda nje kwa nguvu kama mara 90 ya uzito wake, sasa betri ichomoke pale na wadogo zetu wamekaa mstari wa mbele?

Tunachoomba ni kimoja tu: slipu ringi ya mwendo kasi, iwe imeandikwa walau mizunguko 1,500 kwa dakika na ampea 10. Ikikosekana, basi koili mbili za kurusha umeme bila kugusana, maana zile hazina brashi za kulika, ila nazo ziweze kubeba huo mzigo. Mlezi wetu alitaka tuongeze na viti, na rangi ya chumba. Kamati ikakataa, tunajua vizuri tukitaja na rangi tutapewa rangi.

Wageni waliotangulia tunawaheshimu sana. Mmoja alisema kifaa kipo njiani, na sisi hatujakata tamaa, huenda njia ni ndefu. Mwingine alitutumia fulana zenye jina lake, ndizo hizi tulizovaa, zimetukaa vizuri kweli, lakini fulana haipitishi umeme mheshimiwa.

Tukimaliza kusoma tutawasha mashine dakika chache tukuonyeshe moyo unaodunda. Ikizima usishtuke, ndiyo hiyo slipu ringi tunayoisema. Mweka hazina amekaa pale mlangoni na daftari la ahadi, na safari hii tumeongeza safu mbili, ya tarehe ya kuleta na ya namba ya simu.

Karibu sana mheshimiwa.
Ni sisi, kamati ya klabu.