Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2025

Ndugu wanachama,

Karibuni mkutano mkuu wa chama chetu cha wanaopenda wa jinsia yao na waliobadili jinsia hapa Mombasa, hasa mliovuka feri alfajiri na mliotoka Mtwapa na Kilifi. Hesabu atazisoma mweka hazina, mimi nitaeleza mwaka ulivyokwenda. Majina ya watu na ya hospitali nimeyaacha makusudi, maana karatasi ikishachapishwa hujui itaishia mikononi mwa nani.

Tarehe 20 Januari Rais wa Marekani alitia saini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90. Haikuchukua muda, milango ya daisi tulizozizoea, yaani vituo vya huduma za VVU kwa watu kama sisi, ikaanza kufungwa na waelimishaji rika wetu wakaambiwa wabaki nyumbani. Februari kukaja nafuu kidogo: dawa za ARV ziliruhusiwa kuendelea. Ila kwa vidonge vya PrEP, vya kujikinga na VVU, pesa ya Marekani iliruhusiwa kuwahudumia wajawazito na wanaonyonyesha tu. Kijana wa miaka ishirini na kitu aliyekuwa akimeza kidonge chake kila jioni akajikuta hayumo kwenye orodha, na hapakuwa na wa kumweleza kwa nini.

Nimesikia wanaosema tulizoea kudekezwa, kwamba daisi ilikuwa anasa na hospitali ni za wote. Wenye umri wangu wanakumbuka Mtwapa, Februari 2010, umati ulipouzingira mlango wa kituo cha afya cha KEMRI, taasisi ya serikali ya utafiti wa tiba, kwa uvumi wa harusi ya mashoga. Tulitafuta mahali petu kwa sababu tulikuwa tumefukuzwa pa wote.

Sasa Wizara ya Afya imeelekeza huduma za VVU ziunganishwe na kliniki za kawaida. Kwenye karatasi ni jambo zuri. Kwenye benchi ni habari nyingine. Mwenzetu mmoja, dada aliyezaliwa akaitwa mwana wa kiume, alikwenda kuchukua dawa zake amevaa buibui. Karani akatoa sauti ya kuita gari moshi, akasoma jina la kitambulisho, jina la kiume kabisa, na benchi zima likageuka. Hakuinuka. Alisubiri foleni ipungue, akatoka bila dawa, na mwezi uliofuata hakurudi.

Hapo ndipo ilipoanza kazi ninayojivunia kuliko zote mwaka huu, nayo haikutugharimu zaidi ya nauli na chai. Tuliteua wasindikizaji. Msindikizaji hufika mapema, huzungumza na karani dirishani kwa upole, huomba mgonjwa aitwe kwa namba, kisha hukaa naye benchini mpaka dawa ziingie mkobani. Makarani wengi, wakiombwa kwa adabu, hawana neno. Wachache wana neno, na hao tumewazoea. Dada niliyemtaja amerudi kwenye dawa. Naomba mkutano huu uidhinishe nauli ya wasindikizaji iwe fungu la kudumu, isiwe ya kuchangishana kila Ijumaa.

Nije kwa jambo ambalo halipendezi kusikika. Miaka yote hii fedha ziliufuata ugonjwa, na ugonjwa ukihesabika zaidi kwa wanaume, basi wanaume ndio waliohudumiwa. Wanawake wanaopenda wanawake walipewa nini? Fulana, na nafasi ya kupika siku ya semina. Daisi zilipofungwa, mmoja wao aliniambia kwa kicheko kwamba kwao hakuna kilichofungwa. Yanayowasumbua ni kuozwa kwa nguvu, kunyang'anywa watoto na ndugu wa mume, kipigo cha kaka mtu. Mwaka huu tulimhifadhi mmoja wao kwa muda kwenye chumba cha kukodi pamoja na mtoto wake. Pesa hiyo ilitoka kwenye michango yenu, si kwa mfadhili yeyote, na kwa maoni yangu haijapata kutumika vizuri zaidi.

Kodi ya nyumba ndiyo iliyoongoza kwa maombi. Mwenye nyumba husikia uvumi, hutia kufuli, vyombo hubaki ndani. Kumfungia mpangaji nje bila notisi wala amri ya mahakama si halali, hata kama hampendi. Pigeni picha kufuli, tunzeni risiti, nendeni na shahidi.

Vilevile mitego ya kwenye simu imezidi. Mtu anaalikwa chumbani na mchumba wa mtandaoni, anawakuta watatu, anatumishwa M-Pesa mpaka akauke. Msifute ujumbe wa M-Pesa, ndio ushahidi. Kutoza watu fedha kwa vitisho ni jinai, na namba ya OB, ya kitabu cha matukio cha polisi, ni haki ya kila mlalamikaji. Najua mnachokiogopa kituoni. Basi msiende peke yenu, tupigieni kwanza.

Kuhusu mahakama, bado kuna mkanganyiko. Hukumu ya Mahakama ya Juu ya tarehe 24 Februari 2023, majaji watatu kwa wawili, ilisema tuna haki ya kuunda na kusajili jumuiya. Haikugusa vifungu vya 162 na 165 vya Kanuni ya Adhabu, vinavyoharamisha mapenzi ya jinsia moja, ambavyo Mahakama Kuu iliviacha visimame Mei 2019. Pia kumbukeni uamuzi wa Mahakama ya Rufani iliyoketi hapa Mombasa, Machi 2018, katika kesi ya vijana waliokamatwa Ukunda: upimaji wa lazima wa njia ya haja kubwa ulikiuka haki zao. Daktari akikulazimisha, ana makosa yeye.

Wenzetu waliokimbia Uganda baada ya sheria ya Mei 2023 dhidi ya ushoga tunawapokea kwa chakula na ushauri. Usajili wao uko kwa idara ya wakimbizi, hatuna uwezo nao.

Tulimzika mwenzetu mmoja. Nyumbani kwao walishamfukuza, lakini mauti yalipofika waliuchukua mwili, nasi tukatoa sanda na mchango wa hitima. Baadhi yenu mlinung'unika: kwa nini tuwalipie waliomtupa? Tulimlipia yeye. Mjomba wake alipopokea bahasha aliuliza sisi ni nani wake, tukajibu ni wenzake wa chama, akatukaribisha kwenye jamvi. Napendekeza mfuko wa mazishi uanze Januari, kwa mchango wa shilingi 100 kila mwezi kwa mwanachama.

Uchaguzi utafanyika baada ya chakula. Nafasi ya katibu iko wazi, na mwaka huu ningependa majina ya wanawake yatangulie. Wa Likoni na Ukunda mtapiga kura kwanza, muwahi feri kabla ya msongamano wa jioni.