Kile kizingiti cha ami usikiuze

Mtoto wa ami, assalaam alaykum.

Nimesikia mnunuzi ameshakupigia huko Muscat na bei ya vyombo vya kuchongea vya marehemu baba yako mmekubaliana. Patasi, bobari na randa ni urithi wako, sikukatazi. Ninachokuomba ni kile kizingiti cha juu cha mlango alichokiacha hakijesha. Nakuandikia hadharani kwa kuwa simu zangu hupokei, na jambo lenyewe si la nyumba yetu peke yake.

Vipande vyake viwili viko maktaba wiki ya tatu sasa, ukutani karibu na meza za magazeti: mfaa wa msaji, ule mti wa katikati ya mlango, na ubao wa mfenesi wenye samaki. Wanafunzi wanaokuja kudurusu hawapiti bila kuvigusa. Juzi mtoto mmoja akaniuliza, "Hii imekatwa kwa mashine?" Niliumia. Kazi imesafishwa mpaka mkono wa fundi hauonekani.

Kizingiti ndicho kinachouonyesha. Unakikumbuka? Upande wa kulia mayungiyungi yameshatoka, majani yake yamelaliana, ukisogeza taa unaona kivuli chini yake. Katikati patasi imepita mara moja tu, kingo bado kali, msasa haujagusa. Kushoto ni penseli tupu: duara la bikari, na mstari mmoja aliufuta akauchora tena chini kidogo. Hapo ndipo alipobadilisha mawazo. Mimi sijapata kuona kitu kingine kinachonirudishia ami yangu namna ile, ameinama, penseli sikioni.

Unakumbuka pia alivyotupeleka Makumbusho ya Amani, Mnazi Mmoja, kuuona mlango wa mwaka 1694? Alisimama muda mrefu, sisi tumeshachoka tunataka urojo. Ukamwuliza wewe mwenyewe, "Baba, nani kauchonga?" Akasema hajui, na uso wake ukabadilika. Mji Mkongwe uliingia katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2000, na milango yake inapigwa picha kila siku: ile ya mstari ulionyooka juu, na ile yenye nusu duara. Waulize wanaopiga picha wakutajie fundi mmoja.

Kikienda kwa mnunuzi, kitapakwa vanishi, kitakatwa, kitakuwa fremu ya kioo cha ukumbi wa hoteli. Penseli itafutwa siku ya kwanza.

Ufunguo wa karakana anao bi mkubwa, na ameniambia bila neno lako hafungui. Ana haki. Basi mpigie yeye, mimi si lazima. Mkokoteni nimeshaupata. Kibandiko kimeshaandikwa, jina lake, la baba yake na la babu yake. Ukutani maktaba tumekiachia nafasi ya futi tano na inchi mbili, nimeipima mwenyewe.