Mhariri, tengenezeni mlisho wa tovuti yenu

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika safu yako ya barua tuzungumzie kitu kisichoonekana kwenye gazeti la karatasi lakini kinawagusa wasomaji wenu wengi wa simu, nacho ni mlisho wa RSS wa tovuti yenu. Upo, ila umechakaa, na kuutengeneza ni kazi ndogo kwa fundi anayeujua mfumo wenu. Hatuandiki kwa kulaumu, maana kasoro tunazozitaja tunakutana nazo kwenye tovuti nyingi za habari za Kiswahili.

Kwa msomaji asiyeufahamu, mlisho ni faili la XML, yaani maandishi yaliyopangwa ili yasomwe na programu, ambalo tovuti hulisasisha yenyewe kila habari inapopandishwa. Ndani yake mna kichwa cha habari, linki, tarehe, na muhtasari au habari nzima. Msomaji huwa na programu ya kusomea milisho kwenye simu au kompyuta. Akishaipa anwani za tovuti anazozitaka, inazipitia kila baada ya muda na kumwekea mapya yote mahali pamoja, kwa mfuatano wa saa, bila mtu wa kati kumwamulia aone nini na akose nini. RSS ilianzia Netscape mwaka 1999, toleo la 2.0 linalotumika hadi leo likatoka 2002. Wanaosikiliza podikasti wanautumia mlisho kila siku bila kujua, kwa sababu podikasti ni mlisho wa RSS uliobeba faili la sauti.

Magazeti yaliusahau kwa sababu inayoeleweka. Julai 1, 2013 Google ilifunga Google Reader, programu iliyokuwa imezoeleka kuliko zote. Mwaka huohuo Twitter ikaondoa milisho yake, na Desemba 2018 toleo la 64 la Firefox likaacha kuonyesha milisho ndani ya kivinjari. Tangu hapo anayebofya ile alama ya mlisho ya rangi ya chungwa anakutana na msimbo mtupu, anadhani tovuti imeharibika. Vyumba vya habari vikahamia kwenye kurasa za mitandao ya kijamii. Ubaya wa kuegemea huko ulionekana Mei 2025, mtandao wa X ulipozuiwa Tanzania, na aliyekuwa akipata linki za habari huko peke yake akabaki mkono mtupu. Mlisho hauna ukurasa wa mwenye mtandao mwingine katikati. Unatoka kwenye seva ya gazeti.

Tuje kwenye kasoro zenyewe, tukianza na idadi. WordPress, ambao ndio mfumo wa tovuti nyingi za habari, huweka kwenye mlisho habari 10 za mwisho tu. Kwa blogu ya mtu mmoja zinatosha. Kwa gazeti linalopandisha habari 40 kwa mkupuo alfajiri, programu ya msomaji inayopita kila saa itakuta 10, na zile 30 zilizotangulia zimeshasukumwa nje. Msomaji hatajua kwamba amezikosa. Dawa yake ni kuingia kwenye mipangilio ya usomaji na kuandika 50 mahali pa idadi ya habari za mlisho palipoandikwa 10. Hapohapo pana chaguo la kutoa habari nzima au muhtasari, nalo tutalirudia.

Kasoro ya pili ni tarehe. Kanuni ya RSS inataka tarehe iandikwe hivi: Mon, 03 Mar 2025 08:00:00 +0300. Siku na mwezi ni vifupisho vya Kiingereza, hata kama gazeti lote ni la Kiswahili. WordPress inalijua hilo, lakini mifumo iliyotengenezwa na mafundi wetu wenyewe mara nyingi hutafsiri kila kitu, na mlisho unatoka na “Jumatatu, 3 Machi”. Programu haiwezi kuisoma, hivyo huipa habari ile saa iliyoiona mara ya kwanza, na mpangilio wote unavurugika. Kuna kosa dogo zaidi ambalo ni gumu kuligundua. Saa inaandikwa ya Afrika Mashariki lakini mwishoni inawekwa +0000 badala ya +0300. Habari ya saa mbili asubuhi inahesabiwa kuwa ya saa tano, yaani bado haijafika, na baadhi ya programu huificha hadi muda huo ufike.

Ya tatu ni utambulisho wa habari, ile sehemu inayoitwa guid. Rangi ya gari inaweza kubadilishwa lakini namba ya usajili inabaki, na guid ni vivyo hivyo: kichwa cha habari kinaweza kuhaririwa mara tano, guid haiguswi. Tovuti ikihamishwa kutoka http kwenda https, fundi huendesha amri ya kubadilisha anwani zote kwenye hifadhidata, na bila kukusudia anabadilisha guid pia. Asubuhi yake kila msomaji anakuta habari zote zilizomo kwenye mlisho zimerudi kama mpya. Amri hiyo iruke safu ya guid.

Nyingine tuzitaje kwa haraka. Alama ya & kwenye kichwa cha habari, mathalani jina la kampuni, lazima iandikwe & ndani ya XML, la sivyo mlisho mzima unakataliwa kwa ajili ya herufi moja. Mstari mtupu kabla ya tamko la XML nao unatosha kuuangusha; kwenye WordPress chanzo chake mara nyingi ni nafasi iliyoachwa mwishoni mwa faili la functions.php. Na ukurasa wa mbele uwe na ule mstari wa link wenye rel="alternate" na type="application/rss+xml", ili msomaji akiandika anwani ya gazeti tu, programu iuone mlisho yenyewe. Shirika la W3C, linalosimamia viwango vya tovuti, lina kipimo cha bure kwenye validator.w3.org/feed. Bandikeni anwani ya mlisho pale, kitawaonyesha hadi mstari wenye kosa.

Tatizo linalotusumbua zaidi siku hizi ni ulinzi dhidi ya roboti. Tovuti inawekewa ngao, ngao inazichukulia programu za milisho kuwa wavamizi na kuzijibu 403, yaani hamruhusiwi. Kwa mhariri anayefungua tovuti kwa kivinjari kila kitu ni shwari, huku wasomaji wa milisho hawapati kitu. Anwani ya mlisho isamehewe kwenye ngao hiyo. Kama hofu ni mzigo wa seva, basi viwekwe ipasavyo vichwa vya ETag na Last-Modified, yaani alama zinazoonyesha kama mlisho umebadilika, ili programu ikiuliza na hakuna jipya, seva ijibu 304, yaani hakuna kilichobadilika, na kunyamaza. Hesabu yake ni rahisi. Mlisho wa kilobaiti 200 ukichukuliwa mzima kila nusu saa ni mara 48 kwa siku, yaani karibu megabaiti 10 kwa msomaji mmoja. Kwa jibu la 304 kila ziara isiyo na jipya ni chini ya kilobaiti moja. Anayenunua bando la siku anaiona tofauti hiyo kabla yenu.

Tunajua hoja ya idara ya matangazo, kwamba msomaji akipata habari nzima kwenye mlisho hatafungua tovuti. Hoja hiyo ina uzito, na hatudai kila kitu kitolewe bure. Toeni habari za siku kwa muhtasari wa kweli, si maneno kumi yanayokatika katikati ya sentensi, na mtoe maoni, barua na tahariri zikiwa nzima. Tangazo la maandishi linaweza kukaa chini ya habari ndani ya mlisho vilevile. Tena wasomaji hawa wanahesabika. Feedly, mojawapo ya huduma kubwa za milisho, ikija kuchukua mlisho hujitambulisha kwenye kumbukumbu za seva pamoja na idadi ya watu wake waliojiunga na mlisho wenu. Mwambieni fundi aitafute.

Kwa wasomaji wenzetu wanaotaka kuanza, kwenye Android ipo Feeder, ya bure, isiyohitaji akaunti, na inaweza kuwekwa ipakue kwa Wi-Fi peke yake. Wenye iPhone wana NetNewsWire, nayo ni ya bure. Kwenye kompyuta Thunderbird, ile ya baruapepe, inasoma milisho pia. Tovuti ikiwa ya WordPress, ongeza /feed/ mwishoni mwa anwani yake, na kwa safu moja tu jaribu mfano wa /category/michezo/feed/. Jambo la kuzingatia ni faili la OPML, ambalo hubeba orodha ya milisho yako yote. Litoe mara kwa mara na ulihifadhi nje ya programu. Google Reader ilipofungwa, waliokuwa na OPML walihamia kwingine siku hiyohiyo.

Hapo ndipo linapoingia suala la kuhifadhi linki, maana anayesoma sana hutaka pia kuweka. Desturi yetu ni kuitupa linki kwenye kundi la WhatsApp; wiki ikipita imefunikwa na salamu za asubuhi. Huduma za alamisho za pamoja zilibuniwa kwa ajili hiyo: unahifadhi linki mtandaoni, unaipa lebo, na mwingine anaweza kuona ulichokusanya chini ya lebo hiyo. Delicious ya Joshua Schachter ilianza 2003 na kununuliwa na Yahoo 2005. Mwaka 2011 ikauzwa tena, na 2017 ikanunuliwa na mshindani wake mdogo, Pinboard, kwa dola 35,000 tu, kisha ikafungwa isipokee linki mpya. Pocket, huduma nyingine ya kuhifadhi linki iliyokuwa chini ya Mozilla, watengenezaji wa Firefox, ilifungwa Julai 8, 2025. Kwa hiyo kabla ya kuuliza huduma ina nini, uliza inakuruhusu kutoka na nini. Jibu zuri ni faili la HTML la alamisho, lile ambalo vivinjari vikuu vya kompyuta husoma. Raindrop.io na Pinboard zinalitoa. Angalizo kwa watumiaji wa Firefox: nakala ya JSON inayotengenezwa na kitufe cha kuhifadhi haisomeki kwenye vivinjari vingine, chagua kuhamisha kwa HTML.

Mwalimu au mkutubi anayekusanya linki na wenzake akubaliane nao mapema namna ya kuandika lebo. Mkulima, wakulima na kilimo zikitumiwa zote zitakaa sehemu tatu za alfabeti na mtafutaji ataona theluthi ya kilichopo. Chagueni moja. Pinboard hutenganisha lebo kwa nafasi, hivyo “haki za ardhi” itageuka lebo tatu, mojawapo ikiwa “za”, andikeni haki-za-ardhi. Raindrop.io yenyewe inaruhusu nafasi. Kabla ya kuhifadhi linki iliyotoka Facebook, kata mkia wote unaoanzia ?fbclid, la sivyo habari moja itahifadhika mara tatu kwa anwani tatu. Na huduma zote hizi mbili hutoa mlisho wa mkusanyiko ulio wazi kwa umma, kwa hiyo wanafunzi wanaweza kujiunga na mkusanyiko wa mwalimu kama wanavyojiunga na gazeti.

Lakini alamisho haisaidii kitu ikiwa habari yenyewe imeondoka, na hapa tunarudi kwako, Mhariri. Utafiti wa 2024 wa Pew, shirika la utafiti la Marekani, ulionyesha kuwa asilimia 38 ya kurasa za mtandaoni zilizokuwapo 2013 hazikupatikana tena muongo mmoja baadaye. Kwa magazeti yetu kisa kinachojirudia ni tovuti kupewa sura mpya. Mfumo unabadilishwa, muundo wa anwani unabadilika, na linki zote za miaka iliyopita, zilizomo kwenye tasnifu za wanafunzi, kwenye Wikipedia ya Kiswahili na kwenye alamisho za wasomaji, zinafia kwenye ukurasa wa 404, yaani haipatikani. Habari zenyewe mara nyingi zimo bado kwenye hifadhidata! Kinachohitajika ni kanuni ya kuelekeza kila anwani ya zamani kwenye anwani yake mpya kwa jibu la 301, si 302, kwa sababu 301 ndiyo inayoiambia programu kwamba mabadiliko ni ya kudumu. Programu nyingi za milisho zikipata 301 hubadilisha anwani zenyewe bila kumsumbua msomaji. Kuelekeza anwani zote za zamani kwenye ukurasa wa mbele ni kosa baya zaidi ya 404, kwa kuwa programu iliyokuja kutafuta XML inapewa HTML, yaani ukurasa wa kawaida wa tovuti, na msomaji aliyetafuta habari ya mafuriko ya mwaka juzi anatupwa kwenye matokeo ya mpira ya jana. Kanuni hizo ziachwe zikae miaka, hazigharimu chochote.

Kama yote haya ni mengi kwa mkupuo mmoja, anzeni na safu hii ya barua. Ipeni mlisho wake peke yake, barua zikiwa nzima, habari 50, saa ya +0300, na mwandike anwani yake chini ya safu kwenye gazeti la karatasi. Mkiona kwenye kumbukumbu za seva kwamba watu wanauchukua, mtaendelea na michezo na biashara.

Wenu,
Mafundi wa tovuti,
Morogoro