Mwandishi mpya wa filamu apeleke skripti, si stori

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua niwajibu vijana wanaolalamika kwamba stori zao za filamu zimeibwa na watayarishaji. Wapo walioibiwa kweli, sibishi. Lakini wengi hawakuwa na skripti, yaani filamu iliyoandikwa yote onyesho kwa onyesho. Walikuwa na stori waliyomrekodia mwigizaji maarufu kwenye WhatsApp, halafu miezi sita baadaye wakaona filamu inayofanana nayo. Hapo kuna kidogo mno cha kudai. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda kazi iliyokwisha kupewa umbo, hailindi wazo. Mke mdogo anayegombania urithi na watoto wa mke mkubwa ni wazo, na kila mtaa unalo. Maonyesho 45 yenye watu, vitendo na maneno yao ndiyo kazi.

Haki hiyo huanza pale unapoandika, bila kujaza fomu yoyote. Hata hivyo, kusajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki nchini, kunakupa ushahidi wenye tarehe, na tarehe ndiyo inayogombewa mkifika kwa wakili. Sajili skripti nzima. Ukisajili muhtasari wa ukurasa mmoja, utakuwa na ushahidi wa ukurasa mmoja. Kisha itume kwa barua pepe ikiwa PDF, hata kama prodyuza amesema umrushie tu kwenye simu. Barua pepe hubaki na siku, saa na jina la aliyetumiwa. Simu huibiwa.

Umbo la skripti halina siri: herufi za Courier ukubwa wa 12, nafasi ya inchi 1.5 kushoto na inchi 1 kulia, kila onyesho likianza na mstari unaosema ni ndani au nje, mahali gani, mchana au usiku. Kwa umbo hilo ukurasa mmoja hukaribia dakika moja ya filamu. Ndiyo maana msomaji hutazama kwanza namba ya ukurasa wa mwisho. Akikuta 95 anaendelea. Akikuta 160 anaiweka pembeni. Ukibadilisha herufi ili kurasa zipungue, umeharibu ratiba ya upigaji picha, inayopangwa kwa kurasa, na wataligundua hilo wakiwa tayari kazini. Programu ya Trelby ni ya bure na hupanga yote hayo yenyewe. Final Draft ni nzuri ila ni ya kulipia, na anayeanza haihitaji. Skripti yenye mazungumzo mengi isome kwa sauti huku saa ikienda, kwani maneno yetu ni marefu na wazee wetu huongea kwa kituo. Ukurasa mmoja unaweza kuipita dakika kirahisi.

Kinachomwangusha mwandishi mgeni mara nyingi si stori bali gharama asizoziona. Timu ndogo inayopiga picha za kurasa 6 kwa siku itamaliza kurasa 90 kwa siku 15, lakini hiyo ni iwapo haihamihami. Kila lokesheni mpya, yaani mahali pa kupigia picha, ni kushusha vyombo, kufunga taa, kupima sauti na kumtuliza mwenye nyumba, na asubuhi imekwisha. Jini la saa nane usiku linapendeza kwenye karatasi. Kwenye bajeti ni jenereta, mafuta, taa za ziada na usafiri wa kuwarudisha waigizaji Mbagala na Bunju kabla hakujakucha. Harusi ya watu 200 ni chakula cha watu 200. Sare za polisi zinahitaji ruhusa. Wimbo unaovuma una mwenyewe, kwa hiyo usiutaje ndani ya onyesho kana kwamba ni upepo. Kwa skripti ya kwanza ningeshauri lokesheni zisizozidi 5, wahusika wakuu 4, na maonyesho ya usiku yanayohesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Mtu akiweza kushikilia watazamaji ndani ya mipaka hiyo, prodyuza humkumbuka.

Halafu kuna uandishi wenyewe. Kosa la kwanza ni kuandika yaliyo moyoni: "Asha anakumbuka jinsi alivyoteswa na mumewe." Kamera itapiga nini hapo? Andika kinachoonekana: simu inaita, Asha anatazama jina, anaigeuza kifudifudi, anaendelea kukuna nazi. Kosa la pili ni letu wenyewe, la salamu. Shikamoo, marahaba, habari za huko, watoto hawajambo, na nusu ukurasa umekwenda kabla hakujatokea kitu. Ingia kwenye onyesho salamu zikiwa zimeisha. Ziache pale tu zinapobeba jambo, kwa mfano mkwe anaposalimia na mama mkwe asiitikie. Hapo salamu moja isiyojibiwa inatosha kuwa onyesho zima. Kosa la tatu ni wahusika kuelezana wanachokijua tayari ("kama unavyojua, mimi ni dada yako"), na hilo hata waandishi wazoefu huliangukia.

Mlango wa filamu ndefu ni mwembamba. Ule wa tamthilia ni mpana zaidi, kwa sababu ya hesabu: tamthilia inayoonyeshwa siku 5 kwa wiki mwaka mzima hula vipande 260. Kazi hiyo haimalizwi na mtu mmoja. Kwa kawaida mwandishi mkuu hupanga mkondo wa stori, na wengine hugawiwa vipande wavijaze maonyesho na mazungumzo kwa siku chache. Anayetaka kuingia huko asipeleke tamthilia yake ya vipande 100. Achague tamthilia iliyopo kwenye chaneli ya Maisha Magic Bongo au Sinema Zetu, atazame vipande 10 mfululizo, aandike pembeni kila mhusika anavyosema: nani hukatiza wenzake, nani hutumia methali, nani huficha hasira kwa kucheka. Kisha aandike maonyesho mawili ya mfano, kurasa 5 hivi, kwa sauti za wahusika hao. Wengi hukwama hapa: wahusika wote huanza kuzungumza kama mwandishi.

Njia nyingine ni filamu fupi ya kurasa 8 hadi 10. Wanafunzi wa chuo cha sanaa cha TaSUBa, Bagamoyo, na wa sanaa pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wanahitaji kitu cha kupiga, na skripti fupi safi ya watu watatu mchana kweupe ni rahisi kwao kuichukua. Filamu fupi inaweza kupelekwa kwenye tamasha la filamu la ZIFF, Zanzibar. Kumwonyesha mtu dakika 10 zilizokwisha tengenezwa ni tofauti kabisa na kumwomba asome kurasa 95.

Unapopeleka kazi, tanguliza sentensi moja isiyozidi maneno 30: nani, anataka nini, nani anamzuia. Fuatisha muhtasari wa ukurasa mmoja ulio na mwisho wa stori ndani yake. Kuna wanaouficha mwisho ili kumtia msomaji hamu, lakini msomaji hununua mwisho kwanza. Kampuni ikikupa fomu ya kukubali kwamba huenda ina stori inayofanana na yako, isome yote kabla ya kutia saini. Mara nyingi ni kinga ya kawaida, si mtego. Ila anayedai ada ili skripti yako ipokewe, achana naye.

Mkataba uwe wa maandishi hata kama malipo ni madogo, na hata kama prodyuza ni binamu yako. Utaje malipo kwa awamu tatu: wakati wa kutia saini, rasimu ya kwanza, rasimu ya mwisho. Utaje idadi ya marekebisho, mawili yanatosha, maana bila idadi utaandika upya hadi Ramadhani mbili zipite. Utaje jina lako litakavyoandikwa kwenye filamu na kwenye bango. Uweke muda, kwa mfano miezi 12, ambao ukipita bila filamu kupigwa skripti inarudi kwako. Na useme kama haki za kuigeuza filamu kuwa tamthilia zimeuzwa au la. Kifungu hiki ndicho husahaulika na baadaye huumiza.

Kwa kampuni za uzalishaji nina ombi dogo. Tangazeni barua pepe moja na mwezi mmoja kwa mwaka wa kupokea skripti za wasiojulikana, na semeni mnataka nini: lokesheni ngapi, kurasa ngapi, aina gani ya stori. Mtapunguziwa wanaowavizia getini.

Na kwako Mhariri: ukurasa wako wa burudani unapoandika kuhusu filamu mpya humtaja mwigizaji, mwongozaji na hata aliyewavisha nguo. Tafadhali mtaje na mwandishi.

Msomaji wa skripti,
Dar es Salaam