Barua ya wazi kwa Waziri wa Nishati: Sisi ni kaya sita, mita yetu ni moja

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Nishati,
Mji wa Serikali Mtumba, Dodoma.

YAH: UNITI 75 ZIHESABIWE KWA KAYA

Mheshimiwa,

Nakuandikia kutoka Mbagala, kwenye nyumba ya kupanga ya vyumba sita, choo kimoja uani na mita moja ya LUKU (umeme wa kulipia kabla) ukutani. Mimi ndiye mtunza daftari la umeme. Kazi hii haina mshahara, ila matusi yapo ya kutosha.

Kama uliwahi kupanga, ugomvi wetu unaujua. Chumba cha pili kuna friji. Cha tano wanapiga pasi kila alfajiri. Cha nne ni bibi mwenye balbu moja na redio. Na wote tunachanga sawa. Nilipochoka kusuluhisha nikaamua kuhesabu: nikapita chumba kwa chumba nikisoma wati zilizoandikwa kwenye kila kifaa, nikazidisha kwa saa kinazowashwa, nikagawa kwa 1,000. Pasi ya wati 1,000 ikila moto saa nzima, uniti moja imekwenda. Balbu mbili za zamani za wati 60 pale koridoni, kwa saa tano kila usiku, zilikuwa zinameza uniti 18 kwa mwezi. Tukafunga za LED za wati 9, hazifiki uniti 3. Hita ya kuchovya kwenye ndoo tuliipiga marufuku. Anayetaka maji ya moto anajua mkaa unauzwa wapi. (Mkaa huo ndio mnaotaka tuuache. Nitaurudia.)

Matumizi yakashuka hadi uniti 150 hivi kwa mwezi, yaani 25 kwa chumba. Hapo ndipo nilipong'amua kwamba chumba cha tano tulikuwa tunawaonea.

Wengi wetu wa majumbani tuko kwenye bei mbili. D1 ni ya mtumiaji mdogo asiyevuka uniti 75 kwa mwezi, naye hulipa shilingi 100 kwa uniti. Wa T1, mtumiaji wa kawaida anayezidi hapo, hulipa 292. Ongeza VAT asilimia 18, tozo ya REA (umeme vijijini) 3 na ya EWURA (mdhibiti wa nishati na maji) 1, utapata shilingi 122 kwa huyu na 356 kwa yule. Ndiyo maana elfu moja humpa mmoja uniti 8.2 na jirani yake 2.8, kisha wanashikana mashati wakidhani kuna anayeiba umeme.

Sasa tupige hesabu, Mheshimiwa. Mita yetu inaona uniti 150, kwa hiyo tuko T1, na kila chumba kinatoa shilingi 8,906. Kijana anayeishi peke yake kwenye nyumba yenye mita yake, feni usiku kucha na friji lake, akitumia uniti 70 analipa 8,540. Ametumia karibu mara tatu ya chumba chetu na amelipa pungufu. Lau kila chumba kingekuwa na mita, tungetoa 3,050. Bibi wa balbu moja, ambaye bei ya D1 ilipaswa kumfaa kuliko wote, hajawahi kuionja.

Utasema tuombe mita zetu. Kuunganishiwa umeme mjini ni shilingi 320,960, bado kutenganisha nyaya, bado mwenye nyumba kukubali. Mpangaji anayeweza kuhamishwa baada ya miezi sita atazikaje fedha hizo kwenye ukuta wa mtu? Na kodi ya majengo nayo inapitia kwenye LUKU hiyo hiyo, 1,500 kila mwezi. Jengo si letu, lakini anayeangukiwa na zamu ya kununua tarehe mosi kwa shilingi 2,000 anaambulia uniti 1.4, na usiku huo mlango unaogongwa ni wangu.

Agosti 2022, karani wa sensa alikaa kwenye mkeka wangu akauliza nani anapika na nani, kisha akaandika kaya sita. Serikali ikatuhesabu sita. LUKU inatuhesabu mmoja. Ombi langu ni kwamba mkae na EWURA, kikomo kifuate hesabu ya karani. Mwenye nyumba apeleke orodha ya wapangaji yenye muhuri wa serikali ya mtaa, na mita ya kaya sita ipewe kikomo cha uniti 450. Watakuwepo watakaoandika wapangaji hewa, sikatai. Basi orodha ihakikiwe kila mwaka. Mwenyekiti wa mtaa anajua nani analala wapi.

Nirudi kwenye mkaa. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi ifikapo 2034. Jiko la presha la umeme linaivisha maharage kwa chini ya uniti moja, nimeliona kwa dada yangu. Uniti ikiwa 122, jiko langu la mkaa naliuza kesho. Ikiwa 356, na nyumba nzima imesimama koridoni ikitazama mita yetu inavyokimbia, nitaendelea kupuliza moto.

Daftari lipo, na hesabu zote zimo. Ukituma mtu, aulizie nyumba yenye mwarobaini. Aje jioni, mchana tuko vibaruani.

Wako mtiifu,
Mtunza daftari la umeme, Mbagala