Mtungi wangu si wa gesi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo nijibu makala ya bustani mliyoitoa wiki mbili zilizopita, ile iliyomshauri kila mwenye kiwanja apande ukoka na kufunga mipira ya kurusha maji asubuhi na jioni. Picha zilipendeza, sikatai. Ila nilijiuliza, huyu aliyeandika anakaa wapi? Hapa Dodoma mvua huanza Desemba, na Aprili ikiisha imeshatuaga. Kwa mwaka mzima haizidi sana milimita 600. Miezi iliyobaki ni jua na upepo. Mtaani kwetu maji ya bomba ni ya mgao, na yakikatika tunanunua kwa vijana wa mikokoteni, dumu la lita 20 shilingi 500. Ukoka wa kunyweshwa kwa bei hiyo, si afadhali mtu afuge ng'ombe apate na maziwa?

Mimi ni mtu wa Tanga, fundi cherehani niliyeacha kazi kwa ajili ya macho. Mwaka 2019 nilimfuata binti yangu huku baada ya ofisi yao kuhamishiwa Dodoma. Ndani ya basi nilipakata kopo la maziwa lenye vipandikizi viwili vya asumini. Binti yangu alicheka, akasema mama, huko ni nchi ya zabibu na mibuyu.

Mwaka wa kwanza nusura acheke kwa haki. Nilimwaga ndoo mbili kila siku, na majani yakazidi kuwa ya manjano. Siku moja nilichokonoa kwa kijiti: juu tope, nusu shubiri chini vumbi tupu. Maji yalikuwa yakitambaa juu ya ule udongo mwekundu unaofanya gamba, kisha jua linayanywa kabla ya mzizi. Hapo ndipo nikamkumbuka marehemu mama yangu, aliyekuwa akifukia mtungi wa udongo katikati ya miche yake ya nyanya na kuujaza maji, yapenye polepole hadi mizizini.

Nikamtuma kijana wa bodaboda aniletee mtungi. Akauliza, "Wa kilo sita au kumi na tano, bibi?" Ndiko tulikofika.

Mtungi wa kwanza niliununua mwenyewe, mzuri, umepakwa rangi ya mafuta na maua ya njano ubavuni. Nikaufukia, nikaujaza. Baada ya wiki nilifunua, maji yako vilevile na asumini imenyauka pembeni yake. Rangi ilikuwa imeziba vitundu vyote. Kumbe mtungi unaotakiwa ni ule mbovu wa kutazama, uliochomwa tu bila kupakwa kitu. Siku hizi sinunui kabla ya kuujaribu: nalowesha kidole, nadondosha tone ubavuni. Likinywewa papo hapo, nalipa. Likiteleza, namrudishia mwenyewe kwa heshima.

Wangu unachukua lita kama nane. Nimeufukia mpaka shingoni, mdomo umebaki nje vidole viwili, na asumini ziko kushoto na kulia, kila moja umbali wa kiganja na nusu. Juu nimefunika kigae na jiwe, maana ukiuacha wazi unafuga mbu. Udongo ukikauka unavuta maji kupitia ukuta wa mtungi. Ukilowa, mvuto unapungua. Najaza kila baada ya siku nne, kiangazi kikali siku tatu. Linganisheni na ndoo mbili za kila siku. Mwaka jana nilipoung'oa kuusafisha nilikuta mizizi imeukumbatia pande zote kama wavu, ikabidi niikate kwa mkasi wangu wa kitambaa. Maji yetu yana chumvi, huacha utando mweupe unaoziba. Nausugua kwa dodoki na kuuanika juani, basi.

Jirani yangu aliniambia haya ni mambo ya kizamani. Ni ya kizamani kweli. Wachina waliyaandika zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, na ndiyo maana hayahitaji umeme wala fundi.

Kuhusu maua, siwalazimishi watu asumini. Kuna maua ambayo huku hayahitaji sana kuhudumiwa. Bogenvilia ya huyo huyo jirani ilikuwa majani matupu kwa sababu aliinywesha kila jioni. Nilimwambia aiache wiki tatu. Alinung'unika, akaiacha, ikawaka zambarau ukuta mzima. (Na kile tunachokisifu si ua hasa, ni majani yaliyogeuka rangi, ua lenyewe ni kale kadogo keupe katikati.) Kuna waridi la jangwani, shina limevimba kwa maji liliyojiwekea. Langu nalimwagia mara moja kwa wiki mbili. Juni lilipukutisha majani yote na nilikaribia kulitupa, kumbe lilikuwa limelala tu. Ila utomvu wake ni sumu, mwenye watoto wadogo aliweke mbali. Mshubiri nao nimeupanda kando ya ukingo. Huo hata nikisafiri mwezi haunililii.

Jambo moja katika makala yenu lingeniponza zaidi ya ukoka: kutandaza nyasi kavu kuzunguka shina. Kwingine ni ushauri mzuri. Kwangu mchwa walikula nyasi, wakamaliza, wakahamia kwenye mti wa kutegemeza asumini. Sasa natandaza kokoto.

Mwandishi wenu akipita Dodoma namkaribisha chai ya mchaichai. Asije mchana, hatakuta kitu ila majani na kigae chenye jiwe. Aje magharibi, vitumba vya asumini vinapoanza kufunguka.

Fundi cherehani mstaafu,
Ipagala, Dodoma